Nimemdanganya Baba Mkwe Kwamba Nimeuza Gari la Viti Viwili

Mpendwa Bi Zuhra, naomba msaada wako na naomba uje haraka, kwa sababu Ijumaa ijayo haiko mbali na kamba iliyonifunga nimeisokota kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tatu, nina duka la dawa hapa Tripoli, sinywi, sivuti, ila nina gari. Ni gari la spoti la Kiitaliano, viti viwili, paa la turubai, limenizidi umri kwa miaka sita, nililinunua kwa mjane wa daktari wa meno lilipokuwa limekaa chini ya mzabibu na kuku wanatagia ndani yake, na kwa miaka mitatu nimelihudumia kama mgonjwa, nimekwangua kutu sakafuni, nimebadilisha klachi, rejeta nimeichomelea mara mbili, gasketi za injini aliniletea binamu yangu kutoka Malta ndani ya sanduku la nguo za watoto, na rangi yake iliyokuwa nyekundu sasa ni ya nyanya ya kopo iliyosahauliwa wazi, lakini likiwaka, Bi Zuhra, moyo wangu unatulia hata kama nimeshinda nikitukanwa na wateja.

Sasa mwaka jana tulikwenda kumposa Ghalia, na mimi kwa kiburi changu nikaenda na gari hilo, mama kiti cha pembeni na sinia la keki za tende mapajani, ami zangu wawili nyuma kwa teksi. Baba yake, Haji Miludi, akatoka nje. Hakutusalimia kwanza. Alilizunguka gari mara mbili, akainama, akapapasa chini ya milango kwa vidole, akainuka akijifuta mkono kwenye kanzu, akauliza, "Na mtu wa tatu atakaa wapi?" Ami zangu wakacheka, na mimi nikacheka, yeye hakucheka. Unajua desturi zetu, mchumba hatoki na mchumba wake mpaka awepo kaka au shangazi, na huyo shangazi tungemfunga juu ya buti? Tulipokuwa tunaaga akanivuta pembeni akaniambia, "Kijana, gari la viti viwili ni la mtu asiyetaka watu. Uza hilo dude, ndipo tuzungumze tarehe."

Nikasema sawa, Ami. Wiki iliyofuata nikamwambia nimeliuza kwa mtu wa Misrata. Hakuna mtu wa Misrata. Gari liko Tajura, nyuma ya gereji ya Fundi Jibrili, limefunikwa turubai, na kila Alhamisi nikifunga duka nakwenda kulitazama, na kwa Ghalia nimesema nakwenda kumtazama rafiki mgonjwa. Akaniuliza kwenye simu, "Rafiki yako anaumwa nini?" Nikasema figo, sijui kwa nini nilisema figo. Basi akapika supu ya kondoo, akampa kaka yake ailete dukani, na mimi na Fundi Jibrili tukainywa tumekalia matairi, na kwa aibu yote ile, Bi Zuhra, supu ilikuwa tamu.

Lakini anayenimaliza ni Haji. Kila nikienda kwao kunywa chai ananiulizia mtu wa Misrata. "Umemwambia gia ya pili haitaki kuingia injini ikiwa baridi?" Wiki nyingine, "Analiweka wapi? Chumvi ya bahari itaanza kulila chini ya milango." Juzi tena, "Analiendesha lakini? Likikaa sana breki zitashika." Nadhani ameshajua, na ananichoma taratibu kama mshikaki.

Jumanne tukawa mezani kwao, nikanyoosha mkono kuchukua mkate, Ghalia akaona kucha zangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Figo za rafiki yako zinatoa grisi?" Wakati wa kuondoka, kaka yake akivaa viatu, Ghalia akanisimamisha mlangoni akaniambia, "Mimi gari silichukii. Siku ya posa nilisikia mlio wake nikiwa jikoni nikaupenda. Nisichokitaka ni kuolewa na mtu ambaye kila Alhamisi nitakaa najiuliza yuko wapi. Mwambie baba kabla ya Ijumaa. Usipomwambia, mimi nitamwambia sitaki tena." Na hiyo Ijumaa ndiyo siku ya kuandika ndoa yetu.

Fundi Jibrili amenipatia mnunuzi, mtu wa kweli safari hii, wa Zawiya, anakuja Alhamisi asubuhi. Nikimuuzia, uongo wangu utakuwa kweli na hakuna wa kuumia, au sivyo? Gari limebaki na kasoro moja tu, breki zimeingia upepo, na Fundi amevunjika mkono, una plasta, nikajaribu mwenyewe, nikaweka tofali juu ya pedali, nikakimbilia tairi la nyuma kufungua skrubu ya kutolea upepo, tofali likaanguka, mafuta ya breki yakanirukia usoni, nikakaa chini nikalia, mtu mzima na duka lake. Nampenda Ghalia kuliko gari, naapa. Mbona basi moyo unakataa kuuza? Niuze, ninyamaze, au niseme nikose vyote viwili?

Ni mimi,
Mgonjwa wa Figo, Tripoli

*

Mgonjwa wa Figo,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia, mara ya pili nikakasirika. Mwenye duka la dawa mzima unamzulia mtu ugonjwa, halafu unakunywa supu yake! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye kucha.

Usiuze. Nasema hivyo mapema ili usome yaliyobaki kwa utulivu. Ukiuza Alhamisi, uongo wako hautakuwa kweli, utakuwa uongo wenye risiti. Na Ghalia hakukwambia uuze. Rudia maneno yake, si yangu. Msichana amekuambia waziwazi anachotaka, wanaume wangapi wanapata bahati hiyo? Anataka Alhamisi zako.

Mimi namwelewa. Marehemu mume wangu aliniambia ameuza njiwa wake, kumbe amewahamishia kwenye dari la kaka yake. Nilijua siku ya pili. Nikangoja aniambie, naye akangoja nisijue, miaka kumi na moja, na jioni zote hizo alikunywa chai yake peke yake na njiwa. Ningempelekea chai mimi, na karanga zikielea juu yake. Hilo linaniuma hadi leo, na sitaki limuume Ghalia.

Sasa tuje kwa Haji Miludi. Mwanangu, dawa unazijua, watu hujui kuwasoma. Nani alimwambia kwamba magari hayo yana ugonjwa wa gia ya pili? Wewe hukumwambia, na gari alilitia machoni mara moja tu, tena injini ikiwa tayari moto. Asiyejua magari hupiga tairi teke akasifia rangi. Huyu alikwenda moja kwa moja chini ya milango, pale kutu inapoanzia. Na maswali yake hayo si mshikaki, mwanangu. Hivyo ndivyo mtu anavyomuulizia mchumba aliyemkosa ujanani: yuko kwa nani, anatunzwa? Nadhani, na nasema nadhani kwa sababu sijamwona, Haji aliwahi kuwa na gari kama lako, au alilitamani akanyimwa. Huenda anajua pia kwamba mtu wa Misrata hayupo, na anakufungulia mlango kila wiki, wewe unauona ni mtego.

Lakini usivimbe kichwa. Swali lake lilikuwa la haki, nawe ulilicheka. Mtu wa tatu atakaa wapi? Akizaliwa mtoto utamweka kwenye kidroo cha dashibodi? Mama yako mzee utaendelea kumbebesha sinia mapajani? Gari la nyumba litangulie, la milango minne, hata kama ni bovu la sura. Hilo la nyanya ya kopo libaki la Alhamisi, na Alhamisi zijulikane na wote.

Fanya hivi. Leo mpigie mtu wa Zawiya asisumbuke. Kisha mpigie Ghalia, mwambie unakwenda kwa baba yake kesho, usimwombe chochote. Kesho baada ya swala ya alasiri nenda kwa Haji peke yako, bila ami, bila mama, bila keki za tende. Sema, "Ami, nilikudanganya. Gari sikuliuza. Liko Tajura. Nisamehe." Kisha nyamaza. Wewe una ugonjwa wa kuongeza maneno, ndio uliokuletea figo. Akipiga kelele, sikiliza. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, urudi kesho yake. Na kama nimekosea, kama hataki kabisa kulisikia gari hilo, basi liuze, tena mbele yake, na moyo utapona. Mke hapatikani Malta ndani ya sanduku.

Ila sidhani nimekosea. Nadhani atakuuliza lina hali gani. Hapo mwambie habari ya breki. Mwambie na ya tofali, usione haya.

Kaka yangu alikuwa dereva wa teksi na mimi ndiye niliyekuwa nikimkanyagia pedali ya breki, kwa hiyo najua. Kazi ya kutoa upepo haifanywi na mtu na tofali. Mmoja anakaa juu kwenye kiti, mwingine analala chini kwenye tairi, na hawaonani. Wanaambiana tu. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." "Nimeshikilia." Wa juu akisema ameshikilia naye ameachia, upepo unarudi wote, na kazi inaanza upya. Wewe umeachia pedali miezi mingi, mwanangu. Sasa mwombe Haji akukanyagie, nawe lala chini useme kweli, tairi moja baada ya jingine, mpaka pedali iwe ngumu.

Ikishakuwa ngumu, mpe yeye ufunguo. Wewe kaa kiti cha pembeni, mikono mapajani kama mama yako na sinia. Na mwambie apite njia ya nyumbani kwake, taratibu, gia ya pili, ili Ghalia awasikie akiwa jikoni.

Bi Zuhra