Kioo Kilipanda na Vidole vya Mama Mkwe

Mpendwa Bi Seol wa safu ya ushauri, naomba unisaidie kwa sababu nyumba yangu imeingia ubaridi na mimi sina kosa, au kama ninalo ni dogo sana.

Mimi na mke wangu Yeon-ok tunasambaza samaki wakavu hapa Sokcho kwa kigari chetu cha mizigo, na majuzi kioo cha upande wa dereva kilidondoka ndani ya mlango kikagoma kupanda, upepo wa bahari ukawa unanipiga sikio la kushoto mpaka likafa ganzi, basi nikaenda kwa bwana Tak anayeuza spea za mtumba kutafuta mashine ya kupandishia kioo, akaniuliza, "Gari la mwaka gani? Namba ya chesisi unayo? Mashine ya zamani umekuja nayo?" nikamwambia, "Kaka, ni gari kama lile pale, jeupe," akacheka mbele ya wateja, akasema, "Hata gari la wagonjwa ni jeupe, bwana," lakini nilivyong'ang'ania akaniuzia. Nikafika nyumbani nikakuta ni ya mlango wa kulia, nikarudi nikabadilishiwa, ya pili ikakaa sawasawa kwenye matundu yake ila plagi ya nyaya haikuingiliana na ya gari langu, Yeon-ok akasema, "Irudishe, mume wangu, hiyo siyo," nami sikutaka kuchekwa tena, nikakata plagi, nikaunga nyaya mwenyewe, nikazifunga kwa utepe, na kioo kikatembea, ingawa ukibonyeza kushusha kinapanda na ukibonyeza kupandisha kinashuka, jambo ambalo nililizoea upesi.

Asubuhi moja mama mkwe akanifuata garini na kopo la kimchi, kabichi yake ya kuchachua, akashika ukingo wa kioo kilichokuwa kimeshuka nusu, nikataka kumshushia, mkono ukajisahau ukabonyeza kama zamani, akapiga kelele, "Mkwe wangu, kinapanda! Kinapanda!" nami kwa kuchanganyikiwa nikazidi kubonyeza. Vidole viwili vimevunjika. Hospitalini mama mwenyewe akamwambia daktari kwamba aliteleza akajibana na mlango, Yeon-ok akaamini, nikanyamaza, maana mkubwa akishasema mimi ni nani nimpinge? Nilitamka tu jioni ile kwamba wazee wawe waangalifu wanaposhikashika magari ya watu, mke wangu akanitazama, akafunga begi, akaenda kwa mama yake kutia chumvi kabichi za majira ya baridi, na simu hapokei. Je, nimshitaki Tak? Na mke atarudije?

Mkwe Aliyeonewa, Sokcho

*

Wewe Aliyeonewa,

Nimeisoma barua yako nikimtafuta huyo aliyekuonea, sijamwona. Nimemwona muuzaji aliyekuuliza maswali yote ya maana ukamjibu kwa rangi. Rangi! Hata kofia hainunuliwi hivyo. Nimemwona mke aliyekwambia rudisha. Nimemwona na bibi aliyekuletea chakula, ukamvunja vidole, kisha akamdanganya daktari ili usiaibike mbele ya binti yake, nawe ukamshukuru kwa kumwita mzembe. Pole yangu nampa yeye. Kwako nina kidogo tu, kwa sababu najua hofu ya kuchekwa inavyomfanya mtu mzima kuwa mjinga.

Tak mwache. Si yeye aliyekata plagi.

Leo hii chomoa nyaya zile, kioo kibaki wazi, sikio lako lipate adabu. Kisha nenda kwa mama mkwe, piga magoti, useme mbele ya Yeon-ok: "Ni mimi niliyebonyeza, na mama alinipigia kelele." Usiseme "kioo kilipanda." Kioo hakina kidole.

Ukishamaliza hilo ndipo ufikirie spea. Ichukue ile mashine yako ya zamani iliyokufa uende nayo. Uliza ya mlango wa kushoto wa mbele, gari la aina na mwaka wa lako, kwa namba ya chesisi, maana umbo la nje linaweza kufanana na vya ndani vikatofautiana. Ziweke mbili sambamba mezani, linganisha matundu, mota, na plagi pini kwa pini. Mwombe Tak aijaribu kwa betri kabla hujatoka. Akicheka, cheka naye.

Wasomaji, jibu hili nilimpelekea kwanza nyumbani kwake kabla ya kulitoa gazetini, na ameniandikia. Alikwenda. Aliwakuta kwenye ua uliojaa kabichi, akapiga magoti kwenye maji ya chumvi, akasema yote. Yeon-ok hakuacha kazi.

"Nilijua tangu hospitali," akamwambia. "Mlango hauvunji vidole kwa juu tu ukaacha kiganja bila hata mchubuko. Nilikuwa nangoja nione utamwacha mama abebe uongo wako mpaka lini."

Mama mkwe akamsukumia beseni kwa mkono mzima. "Inuka, suruali inalowa. Kabichi zile bado."

Amefanya kazi mpaka mgongo ukamkatika, na sasa ananiuliza kwa nini mke hajarudi bado ilhali ameshaomba msamaha. Bwana, uliomba mara moja. Kesho kuna figili za kukatwa, na mwenye kuzikata ana vidole vitatu tu vinavyofanya kazi katika mkono mmoja. Nenda tena, na safari hii usiulize utarudishiwa nini.