Tiva wa Korongoni

Jumapili, 2 Machi

Nimeswali alfajiri, nimeshuka bustanini. Mvua imekatika. Nimefunga maikrofoni ya radio yangu ya kaseti katikati ya karai la Mama la kukaangia sambusa, upande wa ndani, nikalielekeza korongoni, chini ya bustani yetu. Karai linakusanya sauti kama kiganja nyuma ya sikio. Mama bado hajagundua kwamba karai moja halipo jikoni.

Tiva wawili wameimba. Hawa nawapenda kuliko ndege wote wa mtaa wetu wa Kinanira. Mgongo mweusi, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva. Dume anapiga mluzi, jike anajibu hapo hapo kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Wanafuatana kwa karibu mno, asiyejua anadhani ni ndege mmoja. Baba amechana vitambaa dukani maisha yake yote. Siku moja aliinua kichwa kutoka kwenye chai akauliza nani amefungua jora.

Rekodi nzuri. Ila katikati jirani yetu, Bwana Fabien, amepita nyuma ya ua na mswaki mdomoni akapaza sauti: "Bonjour, Madame Ndege! Leo banasema nini?" Yote yameingia kwenye kaseti. Nimekasirika. Nitakifuta kipande hicho, nirekodi kingine juu yake. Kaseti ni hii moja, na mwalimu wetu wa biolojia anaitaka kabla ya likizo ya Pasaka ili darasa zima lisikilize. Amesema kuna nchi ambako watu husomea kazi hii. Sijamwambia mtu yeyote kwamba nalifikiria hilo kila siku.

Jumanne, 4 Machi

Betri hazipatikani tangu nchi iwekewe vikwazo. Zangu nazianika juu ya paa la banda la kuku mpaka ziwe moto. Zinarudisha nguvu kidogo.

Kaka yangu Nasor ameniazima kamera yake ya kupigia video za harusi. Siku hizi harusi zinaisha mchana, kila mtu awahi kufika nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Nimempiga picha dume akiimba, koo limetuna. Jioni tumetazama kwenye televisheni. Nasor hakumtazama ndege. Ameweka kidole kwenye kioo, nyuma ya tawi, chini kabisa. Moshi mwembamba.

"Ni wakulima," nimesema.

Lakini mashamba ya maharage kule chini hayajapaliliwa. Na Mama Joselyne, anayetuletea mboga za lengalenga kutoka korongoni, hajapanda mlima kuja huku tangu wiki iliyopita.

Ijumaa, 7 Machi

Jike amenyamaza. Mluzi upo, sauti ya kuchana hakuna.

Saa nane mchana, juani, wakati ambapo tiva hupumzika, mluzi umetoka chini korongoni. Ukajibiwa kutoka juu, upande wa barabara. Mluzi kwa mluzi. Nimerudisha kaseti na kusikiliza tena. Madume wawili wangegombana, wangerukiana mpaka manyoya yadondoke. Hawa hawagombani. Wanapokezana.

Sipendi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya kosa.

Nilitaka kumpata jike. Kuna njia ninayoitumia: naweka radio juu ya ukuta, nafungua sauti mpaka mwisho, nacheza wimbo wa tiva. Tiva akisikia mwingine kwenye eneo lake, anakuja mbio kumfukuza. Mara zote anatua kwenye ua kabla wimbo haujaisha.

Leo hakutua yeyote. Mluzi umejibu kutoka chini. Kisha kushoto, kwenye mikaratusi. Kisha juu ya barabara, karibu kuliko yote. Halafu miluzi yote mitatu ikanyamaza kwa pamoja. Tawi likavunjika. Si tawi la kukanyagwa na ndege.

Nimezima radio. Nimeingia ndani nikafunga mlango. Karai nimeliacha nje.

Hawakuwa ndege. Na mimi nimewaita. Nimewajibu kwa lugha yao, na sijui nimesema nini.

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza Baba. Amesikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Kisha ameniambia nisimwambie mtu. Tukiwaambia wanajeshi wa kizuizi cha barabarani, watapiga mizinga korongoni, na kule kuna Mama Joselyne na watoto wake. Na hao waasi wanaopiga mluzi watajua ni nyumba gani iliyosema. "Sisi ni watu wa duka, mwanangu. Toka enzi ya babu yako tumekaa hapa kwa kutosikia kila kitu."

Nimekasirika sana. Baadaye nimemwelewa. Kumwelewa ni kubaya zaidi.

Zamu ya Nasor kwenye ronde, ulinzi wa usiku, ni Jumamosi hii. Kila nyumba ya mtaa hutoa mwanaume mmoja kukesha. Wanakaa mwisho wa barabara, ukingoni mwa korongo, na moto wao na thermos ya chai.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Nasor. Amecheka. "We Salma, ndege zimekuroga. Mi naogopa mbu tu."

Basi nimemwambia Mama. Mama hakucheka. Ameomba kaseti. Ameegemeza sikio kwenye radio, macho amefumba, akasikiliza, akaniambia nirudishe, akasikiliza tena.

"Na jike yuko wapi?"

Nimemwambia sijui. Karai nililolitoa bustanini lilikuwa mezani mbele yake, na uzi wa maikrofoni bado umening'inia. Hajasema neno juu ya karai. Hapo ndipo nimeogopa kwelikweli.

Jumamosi, 15 Machi

Mama ameutangazia mtaa kwamba Nasor ana malaria. Amemfichia viatu vyote. Nasor amekaa kitandani amekunja mikono. Ana miaka ishirini na mbili na anaona aibu kama mtoto. Mimi nina furaha. Naandika ukweli: nilikuwa na furaha mpaka saa kumi.

Saa kumi amebisha hodi Bwana Fabien na mfuko wa machungwa. Nimefungua mimi.

"Mugonjwa anaendelea je?"

"Anatetemeka."

"Pole yake. Basi aniachie ile zamu, mi nitamushikia. Kule nyumbani nina wanawake watatu, hakuna nafasi ya kusema. Kwenye ronde angalau naongea." Akatoa filimbi mfukoni, ile anayopulizia watoto wa mtaa wanapocheza mpira, akaitikisa. "Unaona, Madame Ndege? Na mi nina sauti yangu. Utairekodi siku moja?"

Mama alikuwa nyuma yangu kwenye korido. Nilimsikia anapumua. Mfuko wa machungwa ulikuwa bado kati ya mikono yake na yangu. Ningeweza kusema. Maneno hayakuwa mengi: usiende, korongoni kuna watu.

Nimesema: "Asante, Bwana Fabien."

Mama ameyapanga machungwa kwenye sahani. Hakuna aliyekula.

Jumapili, 16 Machi

Alfajiri. Nilikuwa kwenye mkeka wa kuswalia. Mluzi kutoka chini. Mluzi kutoka juu. Kisha risasi. Filimbi imelia mara moja, ndefu, halafu imekatika.

Tumelala chini ya vitanda. Baba anasoma dua kwa sauti. Nasor ameelekea ukutani.

Jumatatu, 17 Machi

Bwana Fabien amekufa. Wenzake wawili wamejeruhiwa. Wanasema filimbi yake ndiyo iliyoamsha mtaa, ndiyo maana waasi hawakufika kwenye nyumba.

Wanajeshi walipiga mizinga korongoni mpaka adhuhuri. Baba alikuwa amenyamaza ili wasipige, na wamepiga. Habari za Mama Joselyne hatuna.

Tumekwenda kwa wafiwa. Mke wa Bwana Fabien, Mama Aline, amemkumbatia Mama, hakumwachia kwa muda mrefu. Kisha amemuuliza: "Na Nasor, amepona?"

Mama amesema: "Amepona."

Wala Mama Aline hakuwa na maana nyingine. Aliuliza tu, kama jirani.

Alhamisi, 20 Machi

Shule imefunguliwa tena. Mwalimu ameuliza kaseti. Nimesema betri zimekwisha. Nazidi kuzoea kusema uongo.

Nasor hali chakula. Leo amemwambia Mama: "Nipe viatu vyangu." Mama ameviweka mlangoni, amevipiga rangi. Jumamosi atakesha. Ameomba yeye mwenyewe, na Jumamosi zitakazofuata pia. Mama hakumzuia. Anakanda unga wa sambusa za kupeleka matangani, anakanda mpaka unga umekuwa mgumu.

Jumapili, 23 Machi

Nasor amerudi salama. Amelala na viatu miguuni.

Nimeshuka bustanini bila radio. Tiva wamerudi, wote wawili. Dume kwenye ua, jike ndani ya kichaka. Mluzi, na kitambaa kinachanika. Mluzi, na kinachanika. Nimesikiliza kwa muda kuhakikisha ni wao. Ni wao.

Nimerudi ndani, nimeanika betri, nimesubiri zipate moto. Nimerudisha kaseti mpaka mwanzo. Tiva, kisha nyayo kwenye majani yenye maji, kisha yeye, na povu la mswaki mdomoni: "Leo banasema nini?" Baada ya hapo jike anajibu kana kwamba ameulizwa yeye.

Upande wa nyuma wa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Vikivunjwa, mashine haikubali tena kurekodi kitu juu yake. Nimevivunja kwa ncha ya kisu.

Sijui kama nitampelekea Mama Aline. Atauliza ilirekodiwa lini, na nikianza kujibu sitajua pa kuishia. Lakini haifutiki tena.

Karai nimelisugua na kulirudisha jikoni. Mama amelipokea, akamimina mafuta.