Siku Uliyozikwa Nilikuwa Bwera

Mpendwa baba,

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi Moshi, na bado sijalia. Wanaokuja kunipa pole wananitazama usoni, wanasubiri. Nawamiminia chai.

Nakumbuka asubuhi uliponisindikiza stendi. Nilitaka kuahirisha safari kwa sababu ya kifua chako, ukakataa. "Ukishaahidi kanisani, umeahidi." Ukanibebea begi mwenyewe, kisha ukashikilia mlango wa basi, unahema. Niliona ulivyohema. Nikapanda.

Kule Uganda nilifundisha Kiingereza miezi mitatu katika ukumbi wa kanisa, huko Bwera karibu na mpaka wa Kongo. Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa akina mama Wakongo waliokimbia vita, wauza maharage na vitenge. Kila Jumapili nilikupigia simu. Ulipenda habari za Mama Kavira, aliyeandika kila neno mara mbili ili lisimtoroke. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Kisha Jumapili mbili mfululizo mama ndiye aliyepokea. "Baba amelala." Nikaamini.

Alhamisi iliyofuata, wiki yangu ya mwisho, tulisoma maneno ya familia. Mama Kavira akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, baba yako iko muzima?"

"Yuko. Ni seremala."

"Uko na bahati. Ya kwangu alikufiaka kule kwetu Beni. Hata kaburi yake sikuionaka."

Nikamshika mkono, nikamwambia Mungu anajua kaburi lilipo. Nilisema kwa utulivu kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kufiwa.

Saa ile walikuwa wanakuzika, baba. Nimeuliza. Ilikuwa saa nane mchana.

Niliporudi, mama alikuwa stendi amevaa nguo nyeusi. Mkononi nilikuwa na kahawa ya Kasese, Uganda, nikijua utaionja na kusema haifikii ya kwetu. Mama akanipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Saruji ilikuwa imeshakauka.

"Mwenyewe aliagiza akiwa hospitalini," akasema. "Alisema, msimwambie mpaka amalize."

Nilimaliza, baba. Walinipigia makofi, wakanivisha kitenge.

Sasa nafagia, nafua, nalala. Napita karakana yako, randa iko pale ulipoiacha, sisikii kitu. Kanisani waliniomba nisimame nitoe ushuhuda wa safari. Nikasimama, nikasema Bwera kuna joto na watu wakarimu, nikakaa.

Jana mama aliacha kumenya ndizi akaniuliza, "Umenikasirikia?"

"Sijui."

"Na baba yako je?"

"Sijui, mama."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, yangu makavu. Akapakua chakula, akanisogezea sahani. "Basi kula."

Nikala. Yeye akalia kwa niaba yetu sote wawili, nami sikumzuia.

Lala, baba. Mimi nipo hapa na mama.

Mwanao wa mwisho