Risasi Kwenye Upindo

Cromer, Agosti 1904

Dada Thirza,

Nimemkata mwalimu sketi kwa kisu cha hatamu, na mji mzima unaniita mhuni. Shikamoo kwanza, na pole na kifua chako. Mwambie mama mimi mzima, ila nguo bado mbichi.

Jana nilivuta kibanda cha magurudumu, kile wanawake wanachovalia nguo za kuogea, hadi majini kama kawaida, farasi mbele, mimi macho chini. Akashuka Mwalimu Adela Pask na vazi lake jipya la kuogea, sufu nyeusi, soksi mpaka juu. Mama Gotobed, anayewashika wanawake mkono majini, akamtania: mwalimu, leo unakwenda kuoga au kuzika? Wakacheka. Wimbi likampiga, akakaa chini, hakuinuka. Mama Gotobed alivuta, wapi! Mimi namkimbilia, yeye ananipigia kelele nigeuze uso, huku ni kwa wanawake. Nikajitosa. Sketi ilimng'ang'ania miguuni kama gunia la mchanga. Nikaikata kiunoni, nikambeba hadi nchi kavu akitapika maji, kabaki na suruali yake fupi, na watu washajaa.

Sasa wakubwa wa shule wanasema maji ya kiunoni hayamzamishi mtu mzima, alijifanya tu ili abebwe na mchunga farasi. Leo wanakaa ukumbini wamfukuze. Mama Gotobed kanionya: we Enos, funga domo, hayo si yako. Na unanijua, hata salamu ya kanisani naitikia kwa kichwa.

Lakini sketi ninayo. Nimefumua upindo. Umejaa risasi, ile madini nzito ya kuzamishia nyavu, pande zote, ili sketi isielee ikaonyesha magoti. Sketi za wengine hutiwa vipande vichache tu.

Na mshono, dada, nimeujua. Ule wa kurudi nyuma, fundo linalala kushoto. Ndio ulioutumia kutushonea mashati ya kumzikia baba. Ni mkono wako. Najua dukani unakofanya kazi waliagiza itiwe risasi yote hiyo, wewe ukashona. Nikiionyesha sketi wataulizana nani fundi, na bibi mwenye duka atakutupia wewe mzigo. Nikiificha, Mwalimu Adela ataondoka na aibu isiyo yake. Nimegeuza hivi na hivi, dada, naipeleka. Wakikufukuza, njoo kwangu. Chumba kidogo, tutabanana. Usininunie sana.

Msalimie mama. Naondoka sasa, kengele ya ukumbi imelia na mlango wakishaufunga hawafungui. Maneno yakinikwama, nitaiangusha tu sketi mezani. Waisikie inavyotua.

Mdogo wako,
Enos