Petroli Katika Chumba cha Eda

Koboko,
Barabara ya Oraba,
12 Mei 2025.

Mpendwa wifi yangu Hadijah,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, na goti lako limepoa tangu uliporudi kutoka mazishini. Huku hatujambo kwa mwili. Watoto wanakula, mvua imenyesha, na mihogo uliyoipanda nyuma ya jiko imeshika.

Bado nimo katika eda ya kaka yako. Kofia ya Nasuru iko kwenye msumari ule ule alipoitundika. Simu yangu imeharibika, na ya Shafik sitaki kuitumia kwa jambo hili, ndiyo maana nimempa Scovia barua. Anapanda basi leo kuja kununua nguo Eastleigh.

Mdogo wenu Shafik ameanza kuleta petroli kutoka ng'ambo ya mpaka. Alinieleza kwamba malori yanayopita mbele yetu kwenda mpakani Oraba hayalipi kodi ya Uganda, maana mafuta yake ni ya nchi nyingine. Yakishavuka, kule kodi ni ndogo, na petroli ile ile inarudi kwenye madumu, juu ya pikipiki, kwa njia za porini. Nikamuuliza kama huo si wizi.

"Shemeji, mimi hapana iba," akasema. "Mimi nanunua na pesa yangu. Serikali mbili ndiyo hapana patana bei."

Ningemwachia biashara yake, lakini madumu anayaficha chini ya kitanda changu. Watu wa kodi walipokagua mtaa huu walifika mpaka mlangoni, wakaambiwa mjane yuko ndani ya eda. Wakatoa pole, wakaenda. Shafik alicheka siku nzima. "Hapa iko benki," akasema. Tangu hapo madumu yameongezeka.

Usinicheke, wifi. Dumu la kwanza halikunisumbua. Unajua Nasuru na ufundi wake wa magari, alivyonuka petroli hata akinawa kwa majivu na ndimu. Niliamka asubuhi nikaisikia harufu ile, nikadhani ameingia kutafuta shati.

Ila Ijumaa iliyopita alikuja jirani, Mama Zaituni. Akasema chumba kinanuka gari, marehemu haombewi hivi. Akatoka, akarudi na chetezo, makaa mekundu na ubani juu yake. Nilimsukuma kwa mikono miwili mpaka nje. Pindo la kanga yake likaungua. Sikuweza kumwambia sababu bila kumtaja Shafik.

"Medina, kwani mimi nilikufanya nini?" aliniuliza. Hajarudi tena.

Ijumaa hii ni dua ya Nasuru. Shangazi zenu watatoka Arua, watalala humu pamoja nami na watoto, na mmoja wao atawasha ubani. Nitawakatazaje? Nimemwomba Shafik ayatoe madumu. Anasema ningoje bajeti ya mwezi wa sita, kodi huku ikipanda faida itakuwa kubwa zaidi. Yeye anaombea kodi ipande, na mimi nalala juu ya petroli yake.

Wewe ndiye uliyemlea. Mimi ananiita shemeji na kucheka, wewe anakuita mama. Tafadhali mpigie kabla ya Ijumaa. Usimkaripie sana. Pesa hiyo ndiyo inayolisha watoto wa kaka yake, na kila akichelewa nasikiliza barabarani mpaka pikipiki yake iingie uani. Mwambie tu kwamba wewe, dada yake, unataka Nasuru afukiziwe ubani chumbani mwake.

Msalimie mume wako Swadiki na wanao wote. Shangazi Mindra wa Adumi anakusalimu, naye amekuwekea ufuta. Mungu akulinde, akupe nguvu ya kusimama na kutembea.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukutegemea,

Medina