Usinipongeze kwa Ofisi

Baba Nekesa,

Salamu kutoka hapa Jericho. Natumaini kifua cha mama kimepoa na Nekesa anamtii nyanyake. Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Umeniandikia ati ulisimama kanisani ukatangaza kwamba mkeo, uliyemwacha Nairobi akishona tangu wakupunguze kazini, sasa amepata ofisi yake yenye mlango na kufuli. Watu wakapiga makofi. Haya, nisikilize. Hiyo ofisi ilikuwa boksi la plaiwudi. Nikinyoosha mikono nilikuwa nagusa kuta zote mbili. Si ungeniuliza kwanza kabla ya kunitangaza!

Ukumbi wetu wa mafundi unaujua, ulikuja mara moja ukalalamikia kelele. Mafundi saba, cherehani zimetazamana, hakuna ukuta. Pasi ya makaa ilikuwa moja, inazunguka kutoka fundi hadi fundi. Uzi ukiniishia nachukua kwa jirani bila hata kusimama. Kioo kirefu hatukuwahi kuwa nacho, kwa hivyo mteja akijaribu nguo, fundi wake huita, "Kioo!" Cherehani zote zinanyamaza, tunamgeukia. "Bega limepanda." "Kiuno kinambana, muongezee." "Hapo sawa, mama, umetoka!" Kioo ni sisi. Mteja anaondoka ameridhika, na siku nyingine analeta dadake.

Ndipo mwenye jengo akaja na mbao zake. Ati kila mtu awe na faragha, tuonekane watu wa maana. Nani alimwomba? Mama Zuhura, yule wa Lamu anayeshona mabuibui, alimwambia usoni, "Mwanangu, faragha ni ya chumbani. Hapa twaficha nini?" Mwenye jengo akacheka tu, misumari ikaendelea kugongwa.

Wiki hiyohiyo niliharibu gauni la mwanakwaya. Nilikata mikono yote miwili ya upande wa kushoto! Mimi! Ukumbini, kabla mkasi haujafumba, mtu angekuwa amenipigia kelele, "We mama, geuza kitambaa!" Nikamvalisha, nikaita "Kioo!" kwa mazoea. Kimya. Nilisikia redio ya chumba cha pili, basi. Yule dada amesimama, mkono mmoja wa gauni umejikunja kinyumenyume, ananitazama, namtazama. Nilitaka kulia, nikaishia kumfokea mtoto wa watu bure.

Na hilo ni dogo. Rispa, jirani yangu wa kulia, yule mwenye kicheko kikubwa, ana kisukari. Sukari ikianza kumshuka huongea ovyo, jasho linamtoka, na siku zote tulikuwa tunamwona kabla hata yeye hajajua. Mama Zuhura anakuwa ameshakoroga chai yenye sukari tele, anamwekea mdomoni. Hakuna aliyesubiri kuombwa.

Jumatano iliyopita cherehani ya Rispa ilinyamaza. Nikasema moyoni, anapiga pasi. Na kweli alikuwa anapiga pasi. Nilikuja kushtuliwa na harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikagonga mlango, ameukomea kwa ndani. "Rispa! Rispa, fungua!" Baba Nekesa, niliurukia ule ukuta kwa bega mpaka ukapasuka. Nikamkuta chini, amezimia, pasi imelalia mkono wake wa kulia.

Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Lakini daktari amesema vidole viwili havitakunjika tena. Fundi wa kushona! Na mwenye jengo alipofika, swali lake la kwanza likawa nani amevunja mbao zake. Nikachukua nyundo nikaanza na chumba changu, Mama Zuhura akajifunga leso kiunoni akaja upande wa pili. "Piga, mwanangu," akaniambia, "piga!" Kufikia jioni hakikubaki chumba hata kimoja.

Sasa mwenye jengo anasema tuzirudishe kuta ama tuhame mwisho wa mwezi. Haturudishi ng'o. Tumeona banda kule Makadara, halina hata mlango, na tutahamia wote, Rispa akiwa katikati yetu. Ataanza na vifungo kwa mkono wa kushoto, mimi nitamtungia uzi. Watu wa kanisa utawaambia nini? Shauri yako, si mimi niliyewaita wapige makofi.

Mpe mama pole, dawa yake ya kifua naituma na binamu yako akija huko. Msalimie shemeji wa baiskeli, na shangazi anayetuangalizia shamba. Nekesa mwambie sare yake ya shule nitaishona mimi mwenyewe, mikono ikiwa kulia na kushoto.

Na wewe, ukitaka kunigombeza kwa kukiacha chumba, panda basi uje unigombeze mbele ya wenzangu wote. Ila ukifika, mpe Rispa mkono kwanza. Ushike vizuri vile vidole, ndipo uanze.

Mkeo, mwenye hasira na bado wako,
Mama Nekesa