Mpunga Wako, Mama, na Jibu Nililokunyima

Kwako, mama mukwe,

Nianze na kosa langu. Miaka yote ile tuliyolima pamoja kando ya barabara ya Buluo, nilikudanganya kuhusu mpunga.

Unakumbuka tulivyoanza. Wewe na mbegu yako ya zamani, yenye mabua marefu, inayokaa shambani miezi mitano. Mimi, fundi umeme wa kiwandani na mjuaji wa kila kitu, na mbegu ya agronomu, yule bwana shamba, inayoiva kwa miezi mitatu na kidogo. Maji ya kumwagilia hatukuwa nayo. Mvua moja, udongo mmoja, katikati njia ya kupitisha baiskeli. Tulilima tumepeana migongo, maana mukwe na mama mukwe hawatazamani. Hata hivyo ulisema kwa sauti, kana kwamba unaongea na jembe lako: "Ile ya wengine inakimbia mbio. Itatoa utamu wapi?"

Kila mavuno ulipika sufuria mbili. Sahani zangu zililetwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa nisingeweza kula mbele yako mpaka unipikie ile karamu ya kuniondolea mwiko. Kisha ulimtuma binti yako Béa, mke wangu: "Muulize, ya nani iko mutamu?"

"Mwambie zinafanana," nilijibu, kidole bado kikikwangua sahani yako.

Yangu ilijaza magunia. Yako ilinukia mpaka kwa majirani. Nilijua, ila kiburi kilinizuia kusema. Nawe ulicheka, makusudi nisikie: "Mukwe wangu iko na kichwa nguvu." Nilikupenda sana kwa kicheko kile.

Uliahidi karamu kwa mavuno ya mwaka huu, kwa mpunga wako, nami nijibu kwa mdomo wangu mwenyewe. Ukatutoka mpunga ungali kijani. Mwezi wa pili mvua ikakatika. Wangu ulikuwa karibu kukomaa, ukapona. Wako ulitoa mapepe matupu, isipokuwa kule chini bondeni, udongo unakoshika unyevu. Béa akasema tuachane nao, shamba lote tupande ya agronomu. Nilinuna. Nikashuka bondeni kuvuna suke kwa suke, nikapata nusu beseni.

Kumbe tulibishana bure, mama. Yangu ni ya juu, yako ni ya bondeni. Mvua zikirudi nitapanda hivyo.

Siku ya kumaliza matanga nilimwomba Béa atwange kidogo, apike vikombe viwili tu. Uliobaki ni mbegu. Nikaweka kiti chako uani, nikakaa nikikitazama. Nilikula mbele yako mpaka nikakwangua sahani.

Ya kwako ndiyo iko mutamu, mama. Tangu mwaka wa kwanza. Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Pumzika vyema.

Mukwe wako, mwenye kichwa nguvu